Vidole Vyetu Vyote Anavijua

Ijumaa tarehe 28 Novemba, saa tisa na nusu alasiri, mpima damu wa zahanati yetu atavua koti jeupe, atalikunja, na atakwenda nyumbani kama mtu asiye na zamu ya kesho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika kiwanda hiki cha saruji. Mimi ninayeandika ni kibarua wa kupakia mifuko, ghala namba mbili. Nina miaka minne na miezi miwili tangu niage kwetu, na katika muda wote huo hakuna mtu hapa aliyenishika mkono mara nyingi kuliko yeye.

Karani wa utumishi alimwomba kwanza tabibu aandike maneno haya ya kumuaga. Tabibu akaandika ukurasa mmoja mzuri, wenye maneno kama weledi na ufanisi. Karani akausoma, akasema ukurasa huu unaweza kuwa wa mtu yeyote, hata wa mlinzi wa geti. Ndipo akaja ghalani kuuliza nani kati yetu anamjua vizuri mama huyu. Wenzangu wote wakanigeukia wakicheka. Walikuwa na sababu, na nitaieleza mbele. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo mkikuta kosa liacheni lilipo.

Jina lake kamili limo kwenye orodha ya mishahara na nadhani limebaki huko huko. Sisi tunamwita Mama Kidole. Alipolisikia mara ya kwanza, wanasema, aliuliza ni kidole kipi, maana vipo vya heshima na vipo vya matusi. Alipohakikishiwa kwamba ni kile anachotoboa, akakubali.

Hakuja hapa na cheti. Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na minane, kazi yake kufagia zahanati na kuosha vioo vya darubini. Mpima damu wa wakati ule, mzee mkali aliyekwisha kufariki, alimkuta siku moja ameinama kwenye darubini wakati ufagio umeegemea ukuta. Badala ya kumfukuza alimuuliza anaona nini. Akamweleza alichoona, na alikuwa sahihi. Miaka miwili baadaye kiwanda kilimpeleka chuoni akiwa na mtoto mgongoni, akarudi na cheti. Ufagio hakuuacha. Mpaka leo hafurahi chumba chake kikifagiliwa na mtu mwingine. Husema watu wanahamisha vumbi tu, hawaliondoi.

Chumba chenyewe mnakijua. Hatua nne kwa tatu, dirisha linatazama barabara ya malori, na kila lori likipita meza inavaa unga. Huipangusa kabla ya zamu, saa nne, na baada ya chakula. Kuna kigoda kimoja ambacho mguu wake mfupi umewekewa boksi lililokunjwa. Kuna beseni la bluu la maji ya uvuguvugu. Beseni hilo ni la sisi wa kupakia. Saruji inakausha ngozi mpaka inakuwa kama ganda la mti, na sindano ikigusa hapo inateleza. Kwa hiyo ukifika anakuambia ulowanishe mkono kwanza, dakika tano, na wakati huo anakuuliza habari za nyumbani. Maji yakitoka hapo yana rangi ya kijivu, anamwaga, anaweka mengine kwa anayefuata.

Nyuso hazimkai kichwani. Hili wote tumelipata. Ukikutana naye sokoni unamsalimia, shikamoo mama, anaitikia marahaba kwa adabu kama anavyowaitikia watu asiowajua. Ukimpa mkono, papo hapo uso wake unabadilika. Anakuita kwa kovu lako. Mwaka juzi meneja mwenyewe alikwenda kupimwa kikohozi, amevaa barakoa, akaambiwa apange foleni nyuma ya dereva wa kijiko cha kuchimbia mawe. Akapanga. Zamu yake ilipofika Mama Kidole alimshika mkono, akautazama, akasema, "Kumbe ni wewe mwenye pete inayobana." Meneja aliwasimulia wenzake ofisini, na pete akaipeleka kwa sonara ikapanuliwa.

Ili asikosee, ana daftari lake la pembeni. Kwenye kitabu cha zahanati anaandika jina na namba ya kazi. Kwenye daftari lake anaandika kidole. Ukurasa wangu unasema: kidole cha pete, kushoto, kucha nusu. Nusu nyingine iliondoka na mlango wa behewa.

Sasa niseme kuhusu kazi iliyomfanya ajulikane mpaka viwanda vya jirani.

Zamani hapa kila kikohozi kilikuwa na dawa moja: vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua vijidudu. Wakongwe wanasimulia kwamba ulikuwa hufiki hata dirishani, unakohoa mara moja mlangoni na mkono unatokeza na pakiti. Na kiwandani kwetu nani hakohoi? Anayekohoa vumbi, anayekohoa mafua na anayekohoa nimonia, dirishani wote wanatoa sauti ile ile. Watu walivimeza viwili, vikabaki kumi, wakaviweka chini ya godoro. Walikopeshana. Wengine walivifungua wakamwagia unga wake kwenye vidonda. Nami nilipofika, wiki ya kwanza tu, mwenzangu wa kitanda cha juu alinikaribisha kwa sabuni, kandambili na vidonge vinne vya rangi mbili alivyovitunza tangu enzi hizo.

Mama Kidole halifichi hili. Hutuambia kwamba yeye pia alivigawa kama njugu. Kilichomtoa huko ni mzee mmoja wa tanuru, ambaye kwa miaka mingi alivimeza kila alipopiga chafya. Siku alipougua kifua kweli kweli, rangi mbili hazikufua dafu. Akapelekwa hospitali kubwa, akakaa miezi miwili, akarudi suruali imefungwa kwa kamba. Hakuna aliyemlaumu Mama Kidole. Alijilaumu mwenyewe. Tangu hapo akawa anasema kwamba vijidudu navyo vina akili: ukivirushia dawa kila siku bila sababu vinaizoea, kama sisi tulivyoyazoea mavumbi, na siku unapoihitaji dawa, vinakutazama tu.

Miaka sita iliyopita ikaletwa mashine ndogo, ukubwa wa redio ya mezani. Unatobolewa kidole, tone moja linaingia, dakika nne, inatoa namba. Alitueleza kwa methali: pafukapo moshi pana moto. Mwili ukipigana na ugonjwa mkubwa, ini humwaga kitu fulani kwenye damu, na mashine inapima hicho kitu. Huo ndio moshi. Namba ikiwa chini ya ishirini, mara nyingi ni mafua tu, na rangi mbili haziyasikii mafua; utakunywa maji moto, utapumzika, utarudi hali ikizidi. Ikipita mia, dawa inaanza saa hiyo hiyo. Ikiwa katikati, tabibu anaamua. Na si kwamba mashine inatawala. Tabibu anasikiliza kifua, anahesabu pumzi, anapima joto. Lakini ile namba imemaliza ubishi mwingi.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Mtu wa kwanza kupimwa, fundi mitambo, alipata nne, akatoka amenuna. Alituambia amefeli. Aliyemfuata alipata mia na kumi, akapita bwenini akitangaza amefaulu, na jasho linamtiririka. Ilichukua wiki nzima watu kuelewa kwamba huu ni mtihani ambao anayepata sifuri ndiye anayepongezwa. Wengine walikasirika zaidi ya hapo. Mtu ameacha kazi, amepanga foleni, ametobolewa, halafu anarudi mikono mitupu? Walisema mama huyu amekula njama na ofisi kubana dawa. Kulikuwa na msemo bwenini: ukitaka dawa kwa Mama Kidole, kwanza ufe, kisha urudi.

Ndipo likaja jambo la Jipu. Huyu ni mwenzetu wa ghala namba moja, alikuwa na jipu kubwa mgongoni analificha kwa sababu aliogopa kupasuliwa. Siku moja alipimwa kwa sababu ya mafua akapata themanini na tano, na tabibu wa wakati ule, kwa kuwa hakuoneshwa mgongo, akampa rangi mbili. Wajanja wakaelewa upesi. Mtu akikohoa na kutaka dawa, anampa Jipu kadi yake na barakoa, Jipu anakwenda kutobolewa. Kwa wiki moja alikuwa mtu muhimu kuliko msimamizi. Kwa mtu wa nne Mama Kidole aliushika mkono ule, akautazama, akafungua daftari lake la pembeni. Vidole vinne, majina manne, kovu moja. Hakupiga kelele. Alimwambia tu kwamba moshi hauelezi ni jiko la nani, basi avue shati walitafute hilo jiko. Jipu lilipasuliwa siku hiyo hiyo. Nasikia lilikuwa limebakiza kidogo kuingia kwenye damu. Mwenye jipu siku hizi ndiye anayewapangia watu foleni pale nje, na hakuna anayethubutu kupenya.

Ningefurahi kuishia hapo, lakini karani amesisitiza niandike na la kwangu.

Tanuru letu huzimwa mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa Desemba. Wakati huo ndipo basi la likizo linapotupeleka sisi wa mbali makwetu, siku mbili na zaidi njiani. Hatuendi wote. Kila mtu ana zamu yake baada ya miaka mitatu, na ukiikosa unangoja mwaka mwingine. Ili upande lazima uwe na karatasi ya zahanati yenye muhuri: anafaa kusafiri. Mwaka jana zamu yangu ilifika. Nilipoondoka kwetu mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minne. Alijifungua mtoto wa kike. Mimi mtoto huyo nilimjua kwa sauti tu, na yeye alipoanza kusema aliniita Baba Simu, akidhani ndilo jina langu.

Siku sita kabla ya basi nilipatwa na homa. Ubavu wa kulia ulinichoma kila nikivuta pumzi, na kutoka kitandani hadi chooni nilihema kama nimepanda ngazi ya mnara wa saruji. Sikuwa mjinga. Nilijua kwamba nikipimwa sipandi basi.

Nilikuwa na rafiki, mtu wa kwetu, karani wa pale malori yanapopimwa uzito, tunamwita Mizani. Naye alikuwa na safari. Nilimwomba akanipimie. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilimtajia mtoto, akachukua kadi yangu, kofia yangu na barakoa. Tabibu alikuwa mgeni, ana mwezi mmoja tu hapa, nyuso zetu hazijui. Mama Kidole nyuso hazijui tangu azaliwe. Tukaona mpango hauna tundu.

Mizani alipata tatu. Tabibu akasikiliza kifua chake, akakikuta safi kama cha mtoto, akagonga muhuri. Rafiki yangu akaniletea ile karatasi, nikaiweka chini ya mto. Natetemeka kwa homa, lakini nacheka peke yangu kama bwana harusi.

Tulichosahau ni kwamba karani habebi saruji. Mama Kidole ametusimulia mwenyewe baadaye. Foleni ilikuwa ndefu, aliandika ile tatu akaita mwingine. Lakini mchana, alipokuwa anamwaga beseni, alikumbuka kwamba kulikuwa na maji aliyoyamwaga asubuhi yakiwa meupe. Mtu wa kupakia, miaka mitatu ghalani, analowanisha mkono na maji yanabaki meupe? Na sindano ilikuwa imeingia mara moja, kama kwenye ndizi mbivu. Akafungua daftari la pembeni. Kucha nusu. Kile alichotoboa kilikuwa na kucha nzima, na doa la wino.

Hapa ndipo nataka wafanyakazi wenzangu waelewe mtu tunayemuaga. Karatasi ilishagongwa muhuri. Wakaguzi walikuwa wanakuja Januari kukagua kitabu chake, ili waamue kama viwanda vingine vipewe mashine kama hiyo. Ukiacha ile mistari ya Jipu, kwa miaka mitano kitabu kile hakikuwa na hata mstari mmoja uliokatwa. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua, na mimi ningepanda basi. Alichukua kalamu nyekundu akaikata ile tatu mbele ya tabibu, akaandika pembeni: si yeye.

Kisha akaifunga mashine kwenye taulo, akaitia kwenye kikapu chake cha chakula, akaja bwenini. Mwanamke alikuwa hajawahi kuingia bweni letu tangu lijengwe. Watu walirukia mashati. Mmoja alijifunga pazia. Yeye hakuwatazama. Aliuliza kitanda changu kiko wapi, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akatandaza taulo juu ya goti lake.

"Nipe kidole chako," akasema. "Cha jirani nimeshakiona."

Nilimpa. Sikuwa na nguvu ya kukataa. Mia na sabini na nane. Tabibu, aliyekuja nyuma yake, akahesabu pumzi zangu kwa saa yake, akaacha kuhesabu kabla dakika haijaisha. Walinibeba kwa machela hadi zahanati, nikachomwa sindano kabla sijalazwa vizuri. Nimonia, pafu la kulia, nusu nzima ya chini.

Jumamosi nililisikia basi likiwashwa. Kitanda changu kilikuwa chini ya dirisha, nikageukia ukuta. Mama Kidole hakuwa na zamu siku hiyo lakini alikuja, akakaa. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilimwambia amenipokonya mtoto. Alisubiri nimalize kukohoa, akanijibu hivi:

"Mwanangu, mtoto mdogo hajui Desemba ipi. Anajua baba kaja au hakuja."

Nilivuta shuka mpaka kichwani. Sikumsemesha mpaka Februari. Nikipita dirishani nilitazama upande wa malori. Mizani aliporudi Januari, yeye ambaye Mama Kidole hakumshtaki kwa msimamizi ila alimwahidi wiki nzima ya kushika pamba na kumwaga beseni, alinikuta bado nina hasira. Akaniambia kwamba basi liliharibika siku ya pili, mahali pasipo na nyumba, wakakaa juani kwa muda wa saa tisa. Alisema tu hivyo, akanywa chai yake. Usiku ule nilihesabu: ile siku ya pili nilikuwa bado napewa hewa ya mtungi. Hasira ikaanza kunitoka, polepole, kama kikohozi chenyewe.

Nilipomwomba radhi aliniuliza kama nimeleta kikohozi au maneno matupu, maana foleni ni ndefu.

Wakaguzi walikuja. Waliuona ule mstari mwekundu, wakauliza, akawaeleza yote, na maji meupe, na kikapu. Nasikia mkubwa wao alicheka mpaka akavua miwani. Viwanda viwili vya jirani vimeshapata mashine, na watu wao watano wamekuja kujifunza kwake, kwenye kile kigoda. Mtunza stoo ya dawa ananiambia kwamba rangi mbili zinazotumika sasa ni theluthi moja ya zile za zamani, na wanaopelekwa hospitali kubwa kwa ajili ya kifua hawajaongezeka. Amezitazama hesabu hizo mwenyewe. Chini ya godoro langu hakuna kitu. Vile vinne vya kukaribishwa nilivirudisha dirishani, pamoja na pakiti za watu wengine wanane walioona aibu kuzipeleka wenyewe.

Na mwezi huu amenifunza tena, akiwa amebakiza wiki tatu tu.

Nimo kwenye orodha ya basi la mwaka huu. Tarehe 10 Novemba niliamka nakohoa. Ndugu zangu, nilihesabu siku zilizobaki kabla ya basi. Sikumtuma mtu. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, nikalowanisha mkono wangu mwenyewe, maji yakawa kijivu, nikampa ile kucha nusu. Saba. Tabibu akasikiliza kifua, hakusikia kitu, joto la kawaida. Mafua.

Mtu mwenye akili angeshukuru akaondoka. Mimi nilitaka rangi mbili. Nilimwomba pakiti moja tu, ya kinga, ya njiani. Akakataa. Nikamwambia mbele ya foleni nzima kwamba Desemba moja alishaichukua, na hii akiichukua kwa ubahili wa vidonge sitamsamehe. Watu walinyoosha shingo. Hata Jipu aliacha kupanga watu. Mama Kidole hakukasirika. Aliendelea kunikandamizia pamba kwenye kidole.

"Uliiamini iliposema mia na sabini na nane," akasema. "Leo inasema saba. Iamini."

Akaniagiza nirudi siku ya tatu, na kabla ya hapo kama nitapata homa, au pumzi ikibana, au ubavu ukichoma. Siku hizo tatu sikulala vizuri. Nilijishika paji la uso kila saa kama mwanamke mwenye mtoto mchanga. Wenzangu walinicheka, wakasema nimeoa kikohozi. Siku ya tatu nilirudi: tano. Kikohozi kilikaa siku kumi na moja, kikaondoka bila kuaga, kwa maji moto na msimamizi kunitoa kwenye mifuko akanipa kazi ya kuhesabu. Jana, tarehe 24, tabibu alinisikiliza mbele na nyuma, akagonga muhuri. Karatasi hii ni yangu kwa haki.

Nafasi ya Mama Kidole inachukuliwa na binti mwenye mikono myepesi, ambaye kwa miezi miwili hakuruhusiwa kutoboa mtu. Kazi yake ilikuwa kushika mikono yetu na kutuuliza habari za nyumbani. Alilalamika mwanzoni. Sasa anatujua wengi, na nyuso anazijua pia, kwa hiyo wajanja wamekwisha. Lile daftari la pembeni amekabidhiwa yeye.

Mume wa Mama Kidole, fundi wa kuchomelea aliyestaafu kabla yake, anasema amemtengenezea kiti cha chuma cha kukaa barazani na hana imani kama atakikalia hata nusu saa. Mama mwenyewe anasema ataamka jua likiwa limeshafika kitandani, na hatatazama kidole cha mtu yeyote isipokuwa cha mjukuu aliyechomwa na mwiba.

Mama, sisi wa ghala namba moja na namba mbili, wa tanuru, wa malori na wa ofisini, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa dawa ulizotupa, na zaidi kwa zile ulizotunyima. Siku zako ziwe nyingi na nyepesi, mikono yako ipumzike, na nyumba yako isikose wa kukupa shikamoo, hata kama hutajua ni nani mpaka akupe mkono.

Mimi basi langu linaondoka Jumamosi tarehe 6 Desemba alfajiri. Nimempigia mke wangu: Jumatatu tarehe 8, mchana, nitakuwa nimefika. Kazini narudi Jumanne tarehe 6 Januari.